EDGAR kwa macho ya Lubumbashi: ghala la bure la ripoti za robo mwaka, na kitu kimoja ambacho halina

Kwa mtu wa Lubumbashi anayetaka kujua kwa nini hisa za Meta, Netflix au Nvidia zimepanda au kuporomoka usiku mmoja, huduma bora kuliko zote ni ile ambayo hakuna anayeitangaza kwenye WhatsApp: EDGAR, ghala la nyaraka la SEC, mamlaka inayosimamia masoko ya hisa ya Marekani. Haitaki akaunti, haitaki neno la siri, haitaki hata franka moja. Kampuni zilianza kuingizwa humo hatua kwa hatua mwaka 1993, na kufikia 1996 karibu zote za Marekani zenye hisa sokoni zilikuwa zinalazimika kupeleka nyaraka zao kwa kompyuta. Karatasi anayoisoma meneja wa mfuko wa mabilioni huko New York ndiyo hiyo hiyo unayoisoma wewe ukiwa Kamalondo, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Tunaipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano imekosekana kwa sababu moja, na sababu hiyo ndiyo inayowapoteza wengi: ghala lina kila tarakimu, isipokuwa ile ambayo bei inashindana nayo. Tutaifikia.

Neno moja kabla ya kuendelea. Hapa mjini "kuuza" ni kutoa pesa upate kitu, na mwenye duka "anauzisha". Humu kununua na kuuza vimetumika kwa maana ya vitabuni, kwani kukosea neno hilo mbele ya kitufe cha hisa ni kupoteza pesa.

Tuanze na saa. Kampuni kubwa za teknolojia karibu zote hutoa ripoti baada ya soko la New York kufungwa, yaani saa kumi jioni ya kule. Sisi hatubadilishi saa, Wamarekani hubadilisha mara mbili kwa mwaka. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba tofauti ni saa sita, kwa hiyo soko lao hufungwa 22:00 ya hapa. Miezi mingine tofauti ni saa saba, na soko hufungwa 23:00. (Tunaandika saa kwa mtindo wa Kifaransa makusudi, maana ndio tunaoutumia mjini.) Goma na Bukavu ni saa hiyo hiyo yetu, ndugu wa Kinshasa watoe saa moja. Apple huachia karatasi yake 16:30 ya New York, yaani 22:30 au 23:30 ya Lubumbashi, na mazungumzo ya simu kati ya wakuu wake na wachambuzi wa mabenki huanza nusu saa baadaye. Ripoti ya mwisho wa Januari kwa hiyo itakukesha kuliko ya Julai. Chaji simu mapema, umeme haujui kalenda ya Wall Street.

EDGAR yenyewe hupokea nyaraka hadi 22:00 ya New York, ambayo ni alfajiri kwetu. Kuna mtego mdogo hapo: nyaraka nyingi zikiingia baada ya 17:30 ya kule hupewa tarehe ya siku ya kazi inayofuata. Ukiona karatasi ina tarehe ya kesho, si lazima iwe imeingia kesho. Tazama saa ya kupokelewa kwenye ukurasa wa maelezo ya nyaraka, usitegemee tarehe peke yake.

Kuingia ni rahisi. Fungua sec.gov, nenda kwenye utafutaji wa EDGAR, andika alama ya kampuni: META, NFLX, NVDA, AMZN, GOOGL, AAPL, MSFT. Kila kampuni ina namba yake ya kudumu, iitwayo CIK, na inafaa kuziandika pembeni kwa sababu jina likibadilika namba inabaki. Meta ni 1326801, na ndiyo namba iliyokuwa nayo ikiitwa Facebook. Netflix ni 1065280, Nvidia 1045810, Amazon 1018724, Apple 320193. Alphabet ni tofauti kidogo: ilipoundwa 2015 kuwa mama wa Google ilipewa namba mpya, 1652044, kwa hiyo ripoti za zamani za Google utazipata chini ya 1288776. Anayetafuta robo za 2012 chini ya Alphabet ataambulia patupu na kudhani ghala lina upungufu.

Ukishafika kwenye ukurasa wa kampuni, chuja kwa aina ya fomu. Usiku wa matokeo unachotaka ni 8-K, hasa ile yenye kipengele 2.02, kwani kipengele hicho ndicho cha matokeo ya fedha. Ukiifungua usishangae: karatasi ya mbele ni kurasa mbili tatu za maneno ya sheria bila tarakimu hata moja. Nyama iko kwenye kiambatisho kilichoandikwa EX-99.1. Huko ndiko liliko tangazo la matokeo, au kwa Netflix, barua kwa wenye hisa. Nvidia huongeza EX-99.2, maelezo ya mkuu wa fedha, ambayo ni kavu lakini yana faida kubwa kuliko tangazo lenyewe. Ripoti kamili, 10-Q, huja usiku huo huo, au kesho yake, au baada ya siku kadhaa. Kampuni za ukubwa huu zina siku 40 tangu robo iishe. Ya mwaka mzima ni 10-K, siku 60. Mhasibu wa hapa aliyezoea hesabu za SYSCOHADA, mfumo wa uhasibu wa nchi za OHADA, za mara moja kwa mwaka ataona mambo mengi anayoyajua yakiwa yamepangwa kwa utaratibu mwingine, ila mizania ni mizania.

Sasa mega. Ripoti za 10-Q na 10-K hufunguka ndani ya kisomaji maalumu chenye alama za rangi juu ya kila tarakimu, na kisomaji hicho ni kizito. Kwenye mtandao wa jioni simu itazunguka mpaka uchoke. Dawa yake iko kwenye anwani. Ukiona anwani ina maneno /ix?doc= kabla ya /Archives, futa maneno hayo tu, acha /Archives na yote yanayofuata, kisha bonyeza tena. Nyaraka ile ile itafunguka kama ukurasa mwepesi wa kawaida, na unaweza kuihifadhi usome bila mtandao. EX-99.1 kwa kawaida haina kisomaji hicho, inafunguka haraka.

Yote ni kwa Kiingereza. Hakuna Kifaransa, na Kiswahili usikiulize. Lakini maneno yanayorudiwa hayafiki hamsini, na majedwali yamepangwa hivyo hivyo kila robo. Ukishasoma tatu za kampuni moja, ya nne utaisoma kwa dakika kumi.

Hapo ndipo mtu anapokutana na kosa la ghala hili. Anafungua, anaona mapato yamepanda, faida imepanda, anatazama bei: imeanguka kwa asilimia kumi. Anasema wazungu wana wazimu.

Hawana. Mwenye kuleta unga wa bukari pale soko la Kenya, komini yetu na si nchi, hapangi bei kwa kuhesabu mifuko iliyo nyuma yake. Anapanga kwa kutazama malori ya Kasumbalesa. Zikija habari kwamba Zambia imezuia mahindi yake yasitoke, mfuko uliolala ghalani tangu juzi unapanda bei ingawa haujaongezeka hata kilo moja. Na kama habari zilishasikika wiki nzima, siku ya tangazo rasmi bei haitikisiki, kwa sababu kila mtu alishaongeza. Hisa ni hivyo hivyo. Mapato ya robo iliyopita ni mfuko ulio nyuma. Lori ni makadirio ya kampuni kuhusu robo ijayo. Na yale yaliyosikika wiki nzima ni matarajio: wastani wa tarakimu ambazo wachambuzi wa mabenki wamekadiria. Wastani huo haumo ndani ya EDGAR, kwa sababu si wa kampuni. Utaupata kwenye tovuti za habari za fedha, nyingine bure, na tovuti mbili zinaweza kukupa wastani mbili tofauti kwa kampuni moja, maana hazikusanyi wachambuzi wale wale.

Lakini kuna njia ya kuziba pengo hilo kwa kutumia ghala lenyewe, na ndiyo inayotufanya tuipe nyota nne badala ya tatu. Usisome ripoti moja. Fungua EX-99.1 ya robo iliyopita na ya robo hii, ziweke kando kwa kando. Ile ya zamani ilitabiri nini? Ile mpya imeleta nini, na yenyewe inatabiri nini? Kampuni nyingi huweka utabiri huo chini ya kichwa Outlook au Guidance au Forecast. Tafuta maneno hayo ndani ya ukurasa.

Netflix ya 2022 ni somo zuri la njia hiyo, kwa sababu barua tatu zinatosha. Barua ya Januari: wateja wameongezeka milioni 8.28 katika robo ya mwisho ya 2021, na kampuni inatabiri kuongeza milioni 2.5 robo ijayo, wakati mwaka mmoja kabla, robo kama hiyo, ilikuwa imeongeza karibu milioni 4. Mapato yalikuwa mazuri. Hisa zikaanguka zaidi ya asilimia 20 kesho yake, kwa sababu ya ile 2.5. Barua ya Aprili: badala ya kuongeza milioni 2.5, wamepoteza laki mbili. Ukisoma zaidi unaona kwamba laki saba zilipotea kwa kusitisha huduma Urusi, yaani bila Urusi wangeongeza laki tano. Haikusaidia, maana laki tano bado si milioni 2.5, na barua hiyo hiyo ilitabiri kupoteza milioni 2 nyingine robo inayofuata. Hisa zikaanguka asilimia 35 kwa siku moja. Barua ya Julai: wamepoteza wateja karibu milioni moja. Robo mbaya kuliko ile ya Aprili, kwa hesabu ya vichwa. Na hisa zikapanda, karibu asilimia 7. Soko lilikuwa limeshalia kwa ajili ya milioni mbili. Ilipopotea moja tu, ikawa nafuu.

Mtu aliyesoma barua ya Julai peke yake hawezi kuelewa kupanda kule. Aliyeisoma na ya Aprili pembeni anaelewa bila mchambuzi.

(Kwa Netflix njia hii sasa inahitaji tarakimu nyingine. Tangu robo ya kwanza ya 2025 kampuni imeacha kutangaza idadi ya wateja kila robo. Ilipoishia mwaka 2024 walikuwa zaidi ya milioni 301. Sasa linganisha mapato na kiwango cha faida ya uendeshaji, ambavyo barua bado inavitabiri kwenye jedwali la ukurasa wa kwanza.)

Meta inafundisha jambo lingine: mstari unaoamua unaweza kuwa wa gharama. Karatasi ya Februari 2024 ilisema matumizi ya mtaji kwa mwaka huo, yaani vituo vya data, seva na majengo, yatakuwa kati ya dola bilioni 30 na 37. Ilitangaza pia gawio la kwanza katika historia yake, senti 50 kwa hisa. Kesho yake hisa zikapanda asilimia 20 na thamani ya kampuni ikaongezeka karibu dola bilioni 197 kwa siku moja. Karatasi ya Aprili: mapato juu kwa asilimia 27, faida zaidi ya mara mbili ya mwaka uliotangulia. Halafu, chini, sentensi moja: matumizi ya mtaji sasa ni bilioni 35 hadi 40. Hisa zikaanguka zaidi ya asilimia 10. Anayeishia kwenye jedwali la juu hakuifikia sentensi hiyo. Kwa kampuni za intaneti za miaka hii, shuka moja kwa moja kwenye matumizi ya mtaji kabla ya kusherehekea chochote.

Na kuna siku njia yetu inashindwa kabisa. Nvidia, Mei 2024, ilitabiri mapato ya dola bilioni 28 kwa robo ijayo, zaidi au pungufu kwa asilimia 2. Agosti ikaleta bilioni 30.04, juu kwa asilimia 122 kuliko mwaka uliotangulia, ikatabiri bilioni 32.5 na kuongeza dola bilioni 50 za kununua tena hisa zake yenyewe. Weka karatasi mbili kando kwa kando: ushindi kila mstari. Hisa zikashuka zaidi ya asilimia 6 kesho yake. Kampuni ilikuwa imezoeza watu kuuvuka utabiri wake kwa kiasi kikubwa, na watu wakaanza kuhesabu ule mvuko kama haki yao. Safari hii mvuko ulikuwa mwembamba kidogo, na kiwango cha faida ghafi kilikuwa kimeshuka kutoka asilimia 78.4 hadi 75.1. Kushuka huko kwa faida kumo EDGAR. Zoea la soko halimo popote, linajulikana tu kwa kufungua robo tano sita za nyuma na kupima kila mara kampuni ilivuka utabiri wake kwa kiasi gani. Linganisha na Mei 2023, ilipotabiri bilioni 11 wakati wachambuzi wakisubiri kama 7.2: hisa zilipanda asilimia 24, kwa sababu hakuna aliyekuwa amelizoea lori la ukubwa huo.

Kwa Alphabet na Apple njia inachechemea kwa sababu nyingine. Alphabet haitoi utabiri wa mapato. Kwake tazama majedwali ya sehemu za biashara: Oktoba 2023 mapato yote yalipita matarajio, lakini huduma za wingu (cloud) zilileta dola bilioni 8.41 mahali wachambuzi walipotarajia zaidi kidogo, na hisa zikaanguka zaidi ya asilimia 9. Apple iliacha kutoa utabiri rasmi kwa maandishi tangu 2020. Vidokezo vyake hutolewa kwa mdomo kwenye simu.

Simu hizo hazimo EDGAR, na huu ni upungufu wa pili. Ni bure kusikiliza kwenye kurasa za wawekezaji za kampuni zenyewe, ambazo pia mara nyingi hutangulia EDGAR kwa dakika kadhaa kuweka tangazo. Tangu kanuni ya SEC ya mwaka 2000 iliyokataza kampuni kuwanong'oneza wachambuzi wachache, karibu kila kampuni kubwa imeifungua simu yake kwa kila mtu. Sauti hula mega na hukatika. Maandishi ya mazungumzo huwekwa baadaye, na kwa matumizi ya hapa ndiyo tunayoyapendekeza. Soma sehemu ya maswali kwanza. Hotuba ya mkurugenzi imeandikwa na watu wa mawasiliano, majibu ya mkuu wa fedha hayawezi kuandikwa yote mapema.

Bei ya usiku isikutishe wala isikudanganye. Baada ya saa za soko wanunuzi na wauzaji ni wachache, kwa hiyo agizo dogo linaisukuma bei mbali, na mara nyingi mwelekeo hugeuka simu ikiwa katikati. Mfano wa kuukumbuka ni Lyft, kampuni ya teksi za kuitwa kwa simu, tarehe 13 Februari 2024. Tangazo lilisema kiwango cha faida iliyorekebishwa kitapanuka kwa pointi 500, yaani asilimia 5 nzima. Mashine zinazosoma matangazo hazina shaka. Hisa ziliruka zaidi ya asilimia 60. Kwenye simu mkuu wa fedha akasahihisha: ni pointi 50, nusu asilimia. Sifuri moja ilikuwa imezidi. Sehemu kubwa ya mruko ikayeyuka dakika hiyo hiyo, ingawa kesho yake hisa zilimaliza siku zikiwa juu zaidi ya asilimia 30, kwa kuwa matokeo yenyewe yalikuwa mazuri.

Ghala nalo limeshabeba aibu za wengine. Tarehe 18 Oktoba 2012 ripoti ya Google iliingia EDGAR karibu 12:30 ya New York, soko likiwa wazi, saa kadhaa kabla ya wakati. Wakala aliyepewa kazi ya kuipeleka aliiachia rasimu. Juu yake palikuwa bado na maneno PENDING LARRY QUOTE, mahali palipoachwa wazi pa kuweka kauli ya Larry Page, mkuu wa kampuni wakati huo. Hisa zikaporomoka, biashara yake ikasimamishwa kwa muda, na siku ikaisha zikiwa chini kama asilimia 8. Rasimu hiyo haikuwa na kosa la tarakimu. Matokeo yenyewe yalikuwa chini ya matarajio. Na Septemba 2017 SEC ilikiri kwamba mwaka uliotangulia wadukuzi waliingia ndani ya mfumo na kuchungulia nyaraka kabla hazijatangazwa. Kwa msomaji wa kawaida hilo halibadilishi matumizi, ila linakumbusha kwamba ukiona bei imeshaanza kutembea kabla ya karatasi kutoka, si lazima iwe bahati.

Kuhusu neno "iliyorekebishwa": faida ya namna hiyo ni ile ambayo kampuni imeondoa gharama ambazo haipendi zihesabiwe, na kwa kampuni za teknolojia kubwa kati ya hizo ni mishahara inayolipwa kwa hisa. SEC inadai jedwali la kupatanisha faida hiyo na ile ya kanuni za uhasibu, GAAP, na jedwali hilo huwa mwishoni kabisa mwa EX-99.1. Anza hapo. Kampuni ikileta hasara kwa GAAP na faida baada ya marekebisho kwa miaka mitano mfululizo, marekebisho hayo si ya dharura tena.

Upande wa pili, hata GAAP inaweza kukupoteza. Amazon robo ya mwisho ya 2021 ilionyesha faida ya dola bilioni 14.3, kati yake bilioni 11.8 kabla ya kodi zilitokana na kupanda thamani kwa hisa zake ndani ya Rivian, kampuni ya magari ya umeme. Robo iliyofuata Rivian ilianguka, Amazon ikaandika hasara ya bilioni 3.8, baada ya kuhesabu hasara ya bilioni 7.6 ya Rivian kabla ya kodi. Biashara ya maduka na wingu haikugeuka kwa kasi hiyo. Mstari wa kutazama kwa Amazon ni faida ya uendeshaji, ule unaokuja kabla ya mapato mengine, na ndio kampuni yenyewe inaoutabiri pamoja na mauzo. (Hisa zilianguka asilimia 14 safari ile ya pili, kwa sababu ya utabiri dhaifu wa mauzo kuliko Rivian.)

Wanaokuambia uingie mara tu karatasi inapotoka hawajakuambia kwamba mashine zimeshaisoma. Lakini bei haimalizi kazi usiku ule. Tangu utafiti wa Ball na Brown wa 1968 inajulikana kwamba baada ya matokeo ya kushtua, bei huelekea kuendelea kusogea upande ule ule kwa wiki kadhaa, polepole. Haitokei kila mara wala kwa kila kampuni, na kwa majitu yanayotazamwa na wachambuzi hamsini huwa dhaifu. Hata hivyo inatosha kumpa mtu wa hapa sababu ya kulala, aamke, asome 10-Q kwa utulivu kabla soko halijafunguliwa 15:30 au 16:30 ya Lubumbashi.

Usichokitegemee EDGAR kukupa: mitandao iliyo kwenye simu yako. Airtel Africa iko kwenye soko la London, Vodacom Johannesburg, Orange Paris, na matangazo yao yanapita njia za huko. Mwaka wa fedha wa hizo mbili za kwanza huishia 31 Machi, kwa hiyo "robo ya kwanza" yao ni Aprili hadi Juni. Jumia, duka la mtandaoni la Afrika, kwa kuwa hisa zake ziko New York tangu Aprili 2019 lakini si kampuni ya Marekani, imo, ila kwa fomu nyingine: matokeo ya robo tafuta 6-K na ya mwaka 20-F. Anayechuja 8-K hataona kitu. Fomu 4, ya wakurugenzi wanaponunua au kuuza hisa zao, huingia ndani ya siku mbili za kazi. Nyingi ni mauzo yaliyopangwa miezi kabla, usiyape uzito.

Na kuna fomu moja ambayo Wall Street huipita bila kugeuza shingo, lakini mtu wa Kongo ana sababu ya kuifungua. Inaitwa SD. Sheria ya Marekani ya 2010 inazitaka kampuni zinazotumia bati, tantalamu, wolframu au dhahabu kueleza kama madini hayo yanatoka Kongo au nchi jirani, na mwisho wa kuiwasilisha ni 31 Mei kila mwaka. Chuja SD kwenye ukurasa wa Apple au Intel, kisha fungua EX-1.01: ndani kuna maelezo ya jinsi walivyofuatilia wauzaji wao, na kwa kampuni nyingi orodha ya viwanda vya kuyeyushia madini, jina na nchi. Kwa msomaji wa Goma au Bukavu, coltan ya mkoa wake iko kwenye karatasi hiyo chini ya jina tantalamu. Kobalti na shaba za huku kwetu hazimo, sheria ilitaja madini manne tu. Kwa kobalti tumia dirisha la kutafuta maneno ndani ya nyaraka zote, linaloanzia mwaka 2001: andika cobalt pamoja na Congo, chagua 10-K, panga kuanzia ya karibuni.